Mgeni akija mwonjeshe vya mwituni, lakini mwulize kwanza

Yamkini likizo hii utampokea mgeni wa damu yako: mwana wa dada yako aliyezaliwa na kulelewa Nairobi, shangazi aliyeishi Uingereza miaka mingi, au mjukuu ambaye hii ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga ardhi ya babu zake. Baada ya siku mbili za pilau na kuku, mgeni huyo atakuambia, "Nataka kula vile vyakula mlivyokuwa mkila zamani, vya huku porini." Nawe utafurahi, utatafuta kikapu na kisu, na mtashika njia ya kichakani.

Sikukatazi. Kwa hakika ningependa kila mgeni aondoke akiijua ladha ya ubuyu na mchunga. La kukumbukwa ni kwamba jicho, tumbo na dawa za mgeni si kama zako. Wewe ulifunzwa na nyanya yako pole pole, miaka nenda miaka rudi: hili huliwa, hili huliwa lakini mbegu hutemwa, hili usilikaribie. Mgeni anataka somo lote kwa alasiri moja, na akishaona wewe umeng'oa kitu na kutia kinywani, kesho atang'oa mwenyewe.

Nitazungumzia Pwani, hasa Kwale na Kilifi, kwa kuwa ndiko nilikokulia na ndiko ninakotibu. Msomaji wa Kitui atakuta mbuyu na mkwaju kama sisi. Wa Nyanza na Magharibi atalazimika kubadilisha baadhi ya majina, ila tahadhari ni zile zile.

MASWALI KABLA YA KIKAPU

Kabla hamjatoka nyumbani, mketishe mgeni umwulize mambo matatu. Je, kuna dawa anayoimeza kila siku? Je, kuna chakula kilichowahi kumfanya awashwe, avimbe midomo au ashindwe kupumua? Na ikiwa ni mwanamke ambaye bado anazaa, je, ana mimba? Najua si rahisi kumwuliza shangazi yako maswali kama hayo. Ukiona haya, mtume mkeo au binti yako, lakini jibu lipatikane.

Sababu ya swali la kwanza ni hii. Miaka kadhaa iliyopita aliletwa kwangu mzee mmoja aliyekuwa amekuja kumtembelea mdogo wake kijijini kwa mwezi mzima. Mzee huyo alikuwa akimeza warfarini, dawa inayozuia damu kuganda, kwa kuwa aliwahi kupata donge la damu mguuni. Mjini alizoea wali na nyama. Mboga za majani zilikuwa pambo la sahani tu. Kijijini alilishwa mchicha, mnavu na mchunga mchana na usiku, kwa mapenzi mema kabisa. Majani hayo yana vitamini K kwa wingi, na vitamini K huipinga kazi ya warfarini. Wiki ya tatu mguu ulianza kuvimba tena, na bahati yake ni kwamba aliletwa kabla donge halijapanda mapafuni. Mtu anayetumia dawa hiyo hakatazwi mboga. Anachotakiwa ni kula kiasi kile kile siku zote, na akibadilisha chakula kwa ghafla, damu yake ipimwe upya.

Mwenye ugonjwa wa figo naye ana tahadhari yake. Ubuyu, ukwaju na maji ya dafu vyote vina potasiamu nyingi, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini, na yakizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo. Dafu tunalomkatia mgeni kama ishara ya ukarimu linaweza kuwa jambo zito kwake. Akisema anasafishwa damu kwa mashine, mpe kitu kingine na usimbembeleze.

Mwenye kisukari hana haja ya kuogopa tunda lenyewe, mradi ale kwa kiasi. Aogope sukari tunayoimwaga katika maji ya ukwaju na ya mabungo mpaka ladha ya tunda inapotea.

MBUYU NA MKWAJU

Anza na mbuyu, maana huna haja ya kumtafutia mgeni mti huo. Atauona kutoka barabarani. Mpasulie buyu mbele yake, aone unga mweupe ulioshikamana na mbegu, kisha afyonze. Gramu 100 za unga huo zina vitamini C mara tatu au zaidi ya ile iliyomo katika chungwa la uzani huo. Una pia madini ya chokaa na nyuzinyuzi nyingi. Kwa sababu ya nyuzinyuzi hizo, asiyezoea akila mafungu mawili matatu atajaa tumbo na usiku hatalala. Mwanzie kijiko kimoja au viwili katika bilauri ya maji yaliyochemshwa na kupozwa.

Nasema maji yaliyochemshwa kwa makusudi. Wageni wengi wanaougua tumbo baada ya kunywa maji ya ubuyu au ya ukwaju hawakuuguzwa na mti. Waliuguzwa na maji ya kisima, barafu isiyojulikana ilikotoka, au mikono iliyokamua tunda bila kunawa.

Zile mabuyu nyekundu za Mombasa zinazouzwa katika vikaratasi ni peremende. Zimepikwa kwa sukari, rangi, iliki na pengine pilipili, na moto umeiharibu sehemu kubwa ya vitamini C. Mgeni azile kwa raha yake, lakini asidhani amekula dawa.

Aghalabu sisi wenyewe huona aibu kumtilia mgeni ubuyu mezani, kana kwamba ni chakula cha njaa. Hebu fikiria: mwaka 2008 Muungano wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kama kiambato cha vyakula, na Marekani ikafuata mwaka 2009. Huenda shangazi yako amekuwa akiununua huko London katika pakiti ndogo, kwa pauni, bila kujua kwamba ni kile kile alichokifyonza utotoni akielekea mtoni.

Kuhusu ukwaju, wengi wanaujua. Ukali wake huamsha kiungulia kwa mwenye vidonda vya tumbo, na mtu akinywa mwingi huendesha. Isitoshe, umeonekana kuongeza kiasi cha aspirini kinachoingia damuni. Mgeni anayemeza aspirini kila siku kwa ajili ya moyo asinywe jagi zima. Bilauri moja inatosha.

MBOGA CHUNGU

Kama ningeruhusiwa kumpa mgeni kitu kimoja tu, ningempa mchunga, ambao Wamijikenda huuita mutsunga. Huota wenyewe shambani na kando ya njia baada ya mvua. Majani huchemshwa, maji ya kwanza humwagwa ili kupunguza uchungu, kisha hutiwa tui la nazi na kuliwa kwa sima. Mgeni atakunja uso tonge la kwanza. Mwache. Tonge la tatu ndilo linaloamua.

Mnavu ataujua ikiwa anatoka Nairobi, kwa kuwa huuzwa sokoni kwa jina la managu. Hali kadhalika mgagani, ambao Wakalenjin huuita saget na Wakisii chinsaga. Mboga hizi, pamoja na majani ya kunde na mchicha wa porini, zina madini ya chuma na asili ya vitamini A. Hapa nyanya zetu walijua mambo ambayo vitabu vimeyaeleza baadaye. Mafuta kidogo ya tui huusaidia mwili kuinyonya vitamini A. Tone la limau au la ukwaju huusaidia kupata chuma kilichomo katika majani. Linaloharibu ni desturi yetu ya kunywa chai ya rangi papo hapo baada ya chakula, kwani chai hukizuia chuma hicho kisiingie damuni. Ngojeni saa moja.

Mgeni mdogo atavutiwa na vitunda vya mnavu. Vikiwa vibichi, vya kijani, vina sumu ya kuumiza tumbo na kumtapisha mtoto. Chuma majani, uviache vitunda.

Nataka kusema neno kuhusu uchungu. Watu wetu huamini kwamba kila kilicho kichungu hutibu kisukari na malaria, na mgeni mwenye kisukari atashauriwa na jirani aache sindano au vidonge vyake ale mchunga wiki mbili. Usikubali hata kidogo. Mchunga ni mboga nzuri na haufanyi kazi ya insulini. Mgonjwa anayetegemea insulini akiiacha anaweza kuzirai na kufa katika siku chache. Na mgeni aliyetoka Nairobi au ng'ambo akipata homa huku Pwani, au hata wiki kadhaa baada ya kurudi kwake, apimwe damu ya malaria siku hiyo hiyo, maana mwili wake hauna kinga uliyo nayo wewe.

MATUNDA YA KICHAKANI

Kunazi, fudu na mabungo hayana matata mengi kwa mtu mzima. Kunazi huliwa bichi au kavu. Fudu, ambalo wengine huliita fuu, ni jeusi, tamu, na litampaka mgeni rangi midomoni mpaka jioni. Mabungo ni makali, na hufanya kinywaji bora kuliko soda yoyote niijuayo. Yaosheni kwa maji safi, na tunda lililotobolewa na popo au ndege litupwe.

Makoma ya mkoma ni magumu mno. Mwenye meno ya bandia ayatazame tu.

Kwakwa, lile tunda la duara lenye ganda gumu, lastahili maelezo. Mti wake ni wa jamii moja na mti wa Bara Hindi unaotoa sumu ya striknini. Nyama ya tunda lililoiva huliwa, ila mbegu hazitafunwi wala hazimezwi, na tunda ambalo halijaiva halionjwi. Mwenyeji hutema mbegu bila kufikiri. Mgeni aliyezoea kutafuna mbegu za komamanga hajui, kwa hivyo mwambie kabla hajatia mdomoni.

Aliyejibu kwamba korosho humletea aleji, jihadhari naye zaidi. Mkorosho, mwembe na mng'ongo ni wa ukoo mmoja. Asionje bibo wala ng'ongo kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya kichaka, mbali na gari na hospitali. Hata asiye na aleji asibanje korosho mbichi kwa meno, kwa sababu mafuta ya ganda lake huchoma ngozi na midomo. Na ambaye hudhurika akila kamba wa baharini aache pia kumbikumbi, maana miili yao ina protini zinazofanana.

Msimwingize mgeni kayani kuchuma kitu bila idhini ya wazee wa kaya. Misitu mitakatifu ya Kaya iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini miiko yake ni ya zamani kuliko orodha hiyo. Akiulizia nyama pori, mwambie kwamba uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977 na kwamba nyama ya nguruwe mwitu isiyoiva vizuri huambukiza minyoo inayojificha katika misuli ya mtu.

VYA KUTOGUSWA

Uyoga ndio unaonitia hofu kuliko vyote. Kuna uyoga wa vichuguuni ulio mtamu, na kuna akina mama wanaoutambua bila kukosea. Ikiwa wewe si mmoja wao, usimwongoze mgeni. Ule uyoga unaoua ini haumuumizi mtu papo hapo. Hukaa saa sita au zaidi, ndipo mtu atapike na kuendesha, kisha siku ya pili anapata nafuu na jamaa wanamshukuru Mungu. Siku ya tatu macho yanageuka manjano. Kuuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, na ule mtindo wa kutia kijiko cha fedha chunguni uone kama kitakuwa cheusi hauna maana yoyote.

Ndiga, kiazi mwitu kilichookoa watu wakati wa ukame, kina sumu inayoleta degedege. Wazee walikikatakata na kukilowesha siku nyingi katika maji yanayopita kabla ya kukipika. Mwonyeshe mgeni mmea, umsimulie habari zake, kisha muende zenu.

Mutsungu, mti ambao Wagiriama waliutolea sumu ya mishale, una vitunda vya zambarau iliyokoza vinavyofanana na matunda mema. Sumu ya mti huo hulenga moyo. Usivunje hata kijiti chake kuchomea mshikaki.

Watoto wana hatari zao. Mbegu za mbono kaburi, ule mti tunaoupanda ua, zina ladha ya njugu, na mtoto mmoja akionja huwagawia wenziwe. Huletwa zahanati wakiwa wanne au watano, wote wanatapika. Mbegu za mbarika ni mbaya zaidi zikitafunwa. Na zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, za mturituri, ambazo hutungwa kama shanga, mtoto akiitafuna hata moja apelekwe hospitali bila kungojea dalili.

Pamoja na sumu, kuna kukabwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe kunazi, fudu wala mbegu za ubuyu akiwa anakimbia au anacheka garini. Toa kokwa kwanza. Akikabwa na akashindwa kulia au kukohoa, mwinamishe mbele umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Kokwa lisipotoka, na ikiwa amepita mwaka mmoja, simama nyuma yake, ukunje ngumi juu ya kitovu, uvute ndani na juu mara tano, kisha urudie tangu mwanzo. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo: hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, akapigwa mgongoni mara tano, kisha akageuzwa na kubonyezwa kifuani kwa vidole viwili mara tano. Mchanga huyo pia asilambishwe asali ya msituni wala ya dukani. Ina vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda, na huweza kumlegeza viungo hadi ashindwe kupumua.

Kwa anayetaka kujisomea, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalitoa mwaka 1999 kitabu cha Kiingereza kuhusu mimea ya vyakula vya kiasili nchini, kilichoandikwa na Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye. Na mwaka 2021 UNESCO iliziingiza juhudi za Kenya za kuvifufua vyakula hivyo katika orodha yake ya mifano bora. Kwa hivyo mgeni akikuuliza kama haya ni mambo ya kisayansi, unalo jibu.

AKIDHURIKA

Kuhara kidogo bila damu wala homa hutibiwa nyumbani. Chukua lita moja ya maji safi, utie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa, anywe kidogo kidogo kila anapoendesha. Kukiwa na damu, homa kali, au mtoto amelegea na macho yameingia ndani, mpeleke hospitali.

Akila kitu unachokishuku kuwa na sumu, usimtie kidole kooni atapike, wala usimnyweshe maziwa, mafuta au chumvi. Mtolee mabaki mdomoni, asukutue, na muondoke. Akivimba midomo au akianza kukoroma kifuani, hiyo ni aleji kali na hakuna muda wa kumngojea jirani mwenye dawa. Aliyekula uyoga usiojulikana apelekwe hata kama amepata nafuu, na wote waliokula chungu kimoja naye waende pia.

Safarini chukua vitu viwili. Cha kwanza ni mfuko wa dawa zote anazotumia mgeni, ukiwa na pakiti zake. Cha pili ni mmea wenyewe: jani, tunda na mbegu, ukiufunga katika karatasi, si katika mfuko wa plastiki utakaouozesha njiani. Ukimweleza daktari kwamba alikula "kitu cheusi cha mviringo", utampotezea saa nzima. Ukimpa tawi, hata kama yeye hatalijua, kutakuwa na mfagizi au mlinzi pale hospitalini atakayelitaja jina mara moja.